Besi Iliyomfunika Bibi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomfunika bibi yangu kwa besi, tena huku nikijiona fundi.

Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa nchini, na kompyuta zilizotumika zikaanza kufika hapa Songea. Shemeji yangu, mume wa dada yetu mkubwa, alikuwa na moja kwake mtaa wa Msamala, yenye programu ya kinanda, nami nusura nihamie huko na godoro langu. Dada yangu mdogo alikuwa anakaribia kuolewa. Bibi, aliyeongoza kioda, ile ngoma ya akina mama, tangu ujana wake, hakuwa tena na pumzi ya kuimba ukumbini. Akaniomba nimrekodi, ili dada aondoke nyumbani na sauti yake. Hilo tu.

Nikamrekodi, nikaweka kinanda. Programu ile ilikuwa na sauti ya pili inayokaa chini ya ile kuu, noti ileile ila nzito zaidi, yaani besi, nawe unaichagulia umbo la wimbi la sauti. La mviringo ni laini, kama mzee anayeguna. La pembe nne lina ukali wa nyuki. Kwenye vispika vya mezani, vidogo kama vikombe, la mviringo halikusikika kabisa. Nikaliita bovu. Nikachagua la pembe nne, nikalipandisha mpaka mwisho. Raha tupu!

Mchana wa sherehe tukabeba kompyuta hadi ukumbini, tukaiunga kwenye spika kubwa ili kujaribu wimbo. Madirisha yakatetemeka. Shemeji akaziba masikio. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mbona mimi simo?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunifokea. "Mjukuu wangu, kwenye kioda ngoma kubwa ni ya nini?"

"Ya kusikilizwa, bibi."

"Haa! Ya kusikilizwa ni sauti. Ngoma kubwa ni ya miguu. Watu wakianza kuisikiliza, ujue mpigaji anajipigia mwenyewe."

Nikarudisha wimbi la mviringo, nikalishusha. Lile nililoliita bovu sikulisikia hata pale. Nililihisi kwenye nyayo. Na juu yake, safi kabisa, bibi akiimba jina la dada.

Jioni wimbo ulipopigwa, dada alilia na kucheka kwa pamoja. Bibi naye akaweka fimbo kitini, akaingia kucheza. Nilifurahi mno, mwanangu. Hata leo nafurahi.

Basi shika hili. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wahenga hawakukosea. Usikiite kitu kibovu kwa kuwa spika yako ni ndogo. Uliza kwanza kitapigwa wapi. Na ukipewa kazi ya kumbeba mtu, kaa chini yake, umbebe, usimpigie kelele. Wapo waliokubeba wewe hivyo, na hujawahi kuwasikia.

Mungu akupe masikio mapana, mwanangu, na nyayo zinazosikia. Siku mimi nitakapoishiwa pumzi, unirekodi. Besi weka kidogo.