Injini Mbili, Mkono Mmoja

Mume wangu alipostaafu ufundi wa ndege, alistaafu mwili tu. Ufundi wenyewe alikuja nao nyumbani. Alitafuta programu ya kompyuta ya kurusha ndege za kuigiza, na akachagua ile inayohesabu uchakavu. Kila safari breki zinalika, oili inachafuka, plagi zinakaribia kufa. Wachezaji wengi huuzima uchakavu huo ili waruke kwa raha zao. Yeye aliuacha kwa sababu ndio hasa alioufuata. Kuruka kwenyewe hakukumshughulisha.

Rubani alikuwa mdogo wake. Tunamwita Kapteni, ingawa ameshona suruali maisha yake yote na hajawahi kupanda ndege hata kama abiria. Jioni, akishafunga cherehani, shemeji yangu huyu huja kwetu, hukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya usukani, na kupeleka mizigo katika miji isiyokuwepo. Akishatua, kwa kishindo, kaka yake humsogeza kando na kuanza ukaguzi. Kipuri kilichobakiza maisha kidogo hukibadilisha kabla hakijaleta balaa. Ukimuuliza haraka ya nini, atakujibu kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati huohuo bomba la bafuni kwetu lilikuwa likidondosha maji tangu mvua za mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Programu ile ilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza ndege nzima inakuwa mpya. Mume wangu alikiita kitufe cha wavivu na hakukigusa. Ndege yao ilikuwa na injini mbili, naye alikuwa na sheria aliyotoka nayo kazini: usitie mkono mmoja kwenye injini mbili siku moja. Ukibadilisha kitu kwenye injini ya kushoto, ya kulia iache kwanza. Ndege iruke, irudi salama, ndipo uiguse ya pili. Mkono uliokosea kushoto utakosea na kulia, na huko juu hakuna pa kuegesha. Nimeisikia sheria hiyo mpaka naweza kuihubiri. Hata viatu vyake alivipeleka kutiwa soli kimoja kimoja.

Kisha kiharusi kikampata, asubuhi, kikombe kikiwa mkononi. Mkono wa kulia ukawa mzito na maneno yakamkauka. Hospitali alinitambua mimi, lakini alimwita binti yetu kwa jina la shangazi yake. Daktari hakutuficha. Alisema mwili utarudi polepole, ila kumbukumbu huenda zikarudi zote, huenda zikarudi nusu, tusubiri tuone.

Tulirudi nyumbani na mtu mkimya. Ukimuuliza jambo anatikisa kichwa, na huwezi kujua kama amekuelewa au anakuondoa tu. Mimi niliyemwomba Mungu miaka yote ampunguzie huyu mwanamume maneno, sasa nikawa namwomba ayarudishe, na nilimwomba kwa hofu.

Jumapili moja binti yetu alikuja, na Kapteni akawahi mapema kuliko kawaida, anatabasamu peke yake. Tulimkalisha mgonjwa wetu mbele ya kompyuta. Alishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akafungua ndege yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii siyo ndege yangu," akasema.

Binti aliinama akamwonyesha mstari mwekundu ubavuni na namba ya mkiani, akamwambia kwa upole kuwa ni ileile. Baba yake alitikisa kichwa. Siyo yangu, akarudia. Binti alinitazama mara moja, kisha akaenda jikoni, na nilijua ameenda kulia. Mimi nilishika mgongo wa kiti. Nilijiambia, basi, nusu tuliyorudishiwa ndiyo hii. Ndege ile alikuwa akiikagua kila siku ya Mungu. Kama ameweza kuisahau, zamu yangu haiko mbali.

Yeye aliendelea kubonyeza. Ukurasa wa injini ya kushoto, ukurasa wa injini ya kulia, kisha akarudi tena kushoto. Nikaona mshipa wa shingo unamsimama.

"Plagi za kushoto mpya," akasema, neno moja moja. "Za kulia mpya. Pampu hii mpya, na ile mpya." Akamgeukia mdogo wake. "Nani kafanya siku moja?"

Kapteni akajikuna kisogo. Ikabidi aseme. Siku zote za hospitali alikuwa akiruka ili asiwaze, akazimaliza breki, akaona haya. Akataka kaka yake arudi akute ndege inang'aa. Akabonyeza kitufe.

"Kushoto nilishabadilisha," mume wangu akasema. "Kulia nikaiacha ingoje. Umeharibu. Injini mbili, mkono mmoja. Zikizima zote je?"

Kapteni alijaribu kueleza kwamba kitufe hakina mkono, na kwamba yeye huruka akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hilo halikumsaidia. Alipashwa mpaka akavua kofia.

Nilimwita binti yetu aje upesi asikie baba yake anavyogombeza. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, anacheka na kufuta machozi kwa kitambaa kilekile. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilitaka kukaa chini, sakafuni, nipumzike.

Kisha mume wangu akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwepo. Sheria unaijua. Ukamwacha tu."

"Naijua," nikamwambia, huku machozi yananitiririka. "Nigombeze tena."

Alinitazama kwa makini, kama anajiuliza ni nani hasa kati yetu aliyepatwa na kiharusi. Halafu akaendelea pale alipoishia.