Shingo ya Kupimia Kola

Kabla mashati yao hayajaanza kupanda ndege, fundi huyu alikuwa akishona shati zima, tangu mkato wa kwanza hadi kifungo cha mwisho, na mvaaji amesimama mbele yake akicheka futi kamba inapomtekenya kwapani. Mdogo wake alikaa kwenye cherehani ya pili, uso kwa uso naye, magoti yakigongana. Mchana walisukuma vitambaa kando, wakala sahani moja huku wakigombania mnofu.

Kisha akaja mnunuzi wa ng'ambo. Mdogo mtu akawa bosi, akajijengea chumba cha kioo, akashinda kwenye simu akizungumza lugha ya watu. Mafundi wakaongezwa na kazi ikakatwa vipande: huyu mikono, yule mifuko. Kaka mtu akapewa kola, akabandikwa jina Mzee Kola. Hata kula kukawa kwa zamu, mashine zisilale. Zamu yake ilikuwa ya mwisho, tena ya peke yake. Alifungua bakuli akitazama ukuta, akala vijiko viwili vitatu, akafunika. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na jioni ulimngoja ukuta mwingine.

Desturi moja tu ilibaki. Kabla ya kuanza bunda la saizi ya kati, alishona kola moja, akaivaa, akameza mate. Ikimbana, aliongeza kitambaa. Ikipwaya, alipunguza, na nyingine zote zikafuata hiyo. Shingo yake ndiyo iliyokuwa saizi ya kati tangu walipofungua duka. Mdogo wake mwenyewe ndiye aliyeichagua.

Asubuhi moja bosi alitoka chumbani kwake na shati lililorudishwa.

"Kaka, wateja wanalalamika. Kola zinawanyonga."

"Zinawanyonga wapi? Nazijaribu mwenyewe!"

"Hebu vaa."

Alivaa, akafunga kifungo cha juu, akameza. Ilimkaa kama aliyozaliwa nayo. Mdogo wake akamkazia macho kooni, pale mifupa ilipochomoza.

"Mbona umekonda kama ng'onda? Tangu lini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe unayetuona wote kutoka humo ndani?"

Fundi wa mikono aliguna, akajidai anatafuta sindano. Bosi akaketi kwenye kiti chake cha zamani. Magoti yakagongana.

"Kesho tule wote, kaka. Kama zamani."

Usiku ule fundi alipika chakula cha watu wawili. Kesho yake mchana akalitenga bakuli kubwa katikati ya cherehani mbili, na vijiko viwili. Nyuma ya kioo simu ikaita. Bosi akainua kidole: subiri kidogo. Mvuke ukaisha juu ya chakula, naye bado anazungumza, amempa kaka yake mgongo.

Aliyekuja ni fundi wa mikono, amekumbatia boksi. Ndani mlikuwa na shingo ya plastiki.

"Bosi kasema upimie hii, mzee. Eti yenyewe haikondi."

Mzee Kola aliiweka kwenye kile kiti kitupu. Akaivisha kola, akafunga kifungo cha juu, kisha kwa mazoea akaisubiri imeze mate.