Daftari la Dada Paskalia

Marehemu Paskalia alikuwa mtu wa kusikiliza. Alizaliwa Mlali, akauguza wagonjwa miaka thelathini, na alipostaafu akapanga chumba kimoja Kilakala, akaweka viti viwili na pazia zito. Watu wenye mioyo iliyoelemewa walikuja, wakazungumza naye saa moja, wakalipa, naye akaandika. Hapo ndipo lilipokaa kosa lake. Wodini alizoea kuandika mambo yote ya mgonjwa mahali pamoja. Basi katika daftari moja, mstari mmoja, palikuwa na jina, shida na fedha.

Mwaka wa tatu ikaja barua ya ofisi ya kodi ya mapato: apeleke hesabu zake ndani ya wiki mbili. Asipokuwa na kumbukumbu angekadiriwa tu, na makadirio ya mtu asiyekujua yangeweza kumfungia chumba.

Aliyeyajua mambo hayo ni mdogo wake, Leonard, mwalimu wa hesabu za biashara. Alikuja Jumamosi, akafunua ukurasa wa kwanza, akaufunga upesi.

"Dada, hizi ni hesabu au maungamo?"

"Vyote viwili."

"Basi mimi si padri. Lakini niachie daftari siku mbili nilinyooshe."

"Halitoki humu."

"Huniamini? Mimi uliyenibeba mgongoni?"

Paskalia alilivuta daftari kwake. Ndani ya daftari lile alikuwemo Maria, mke wa Leonard. Siku ya kwanza alikuwa amesema, "Wifi, niandike kama wengine, unitoze kama wengine, ili uninyamazie kama wengine." Akilitoa daftari, amemsaliti wifi yake. Asipolitoa, chumba kimekwenda, na Maria hana pengine pa kulilia. Alishika rozari mfukoni, akasali kimya, asione pa kutokea.

"Nitakusomea," alisema mwishowe. "Wewe kaa kule, uandike tu."

Leonard akachora safu: tarehe, namba ya mteja badala ya jina, kiasi. Ukurasa mwingine akauweka kwa matumizi.

"Pango linaingia. Umeme wa chumba unaingia. Hii sukari kilo mbili kwa wiki?"

"Wateja hunywa chai."

"Wateja au nyuki? Ya nyumbani ibaki nyumbani, dada. Na risiti ziko wapi?"

Akazitoa ndani ya Biblia, zimekunjwa, nyingine zimefifia wino. Leonard akatikisa kichwa, akazipanga kwa miezi. Kisha wakarudi kwenye mapato.

"Namba kumi na tisa, Jumatano, elfu kumi na tano," Paskalia alisoma. Kurasa mbili mbele: "Namba kumi na tisa, Jumatano." Na tena.

"Huyu hakosi Jumatano," Leonard alisema. "Huja saa ngapi?"

"Saa huandiki, Leonard."

"Kweli, siandiki."

Jumatano Maria huaga anakwenda mazoezi ya kwaya. Kalamu ilisimama. Paskalia alibana kidole kwenye mstari, kana kwamba jina lingeweza kuruka na kuvuka meza.

"Elfu kumi na tano," Leonard alisema, akaandika. "Endelea, dada." Hakuinua kichwa mpaka walipomaliza.

Hesabu zilipokelewa, kodi akailipa kwa awamu, chumba kikabaki. Tangu hapo alikuwa na madaftari mawili, la namba mezani na la siri ndani ya sanduku lenye kufuli. Lakini hakuwahi tena kula kwa Leonard kwa amani. Ndugu yake hakuuliza, naye hangeweza kusema, na kati yao sahani ya wali ilipoa kila Pasaka.

Paskalia alipoitwa na Mungu mwaka huu, aliacha agizo: la namba litunzwe, la siri lichomwe. Leonard ndiye aliyeiomba kazi hiyo. Maria alisimama mlangoni akitazama. Kabla ya kuwasha kiberiti, Leonard alilifunga daftari kwa kamba pande zote nne, upepo usije ukamfunulia ukurasa.