Nilichokiona Tumboni mwa Samaki

Nakumbuka kisu changu cha kupasulia samaki kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Kilikuwa kifupi, mpini wake umezungushiwa kamba ya katani, na kila asubuhi nilikaa nacho kijitoni, chini ya mikuyu, nikipasua visamaki vya urefu wa kidole. Usicheke, mwanangu. Wewe ni mjukuu wangu kwa damu, lakini nimekulea mimi, kwa hiyo nitakuita mwanangu na nitakugombeza kama mwanangu. Ninyi mnadhani elimu ni ile ya ubaoni tu. Mimi nilisoma matumboni mwa samaki, tena nilisoma vizuri, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo.

Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tuliacha makazi yetu ya zamani kule mlimani, tukapangwa kwa mistari bondeni, hapa hapa Iramba. Ng'ombe walibaki kwa ndugu wa mbali, maziwa yakawa haba. Mama yako, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Chakula chake kilikuwa uji wa mtama, na ndani ya uji nilimtwangia visamaki vya kijito, pamoja na vichwa na mifupa yake. Alinona, akawa na mashavu ya kufinywa na kila mpita njia.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kutega migono, yale matenga ya fito yanayolazwa mkondoni. Mengine niliyaona mwenyewe. Samaki mwenye mdomo unaotazama juu, tumboni ana sisimizi, panzi na kumbikumbi, wadudu walioanguka kutoka matawini. Mwenye mdomo wa chini anakwangua ule utelezi wa kijani kwenye mawe. Vikambale, hao walafi, wanatafuta vidudu kwenye majani yaliyozama, na wakikosa wanawala wenzao. Makuyu yakiiva na kudondoka majini, karibu kila tumbo nililopasua lilijaa mbegu zake ndogo kama mchanga. Nikapata jibu bila mwalimu. Miti ilikuwa inawalisha samaki, na samaki wanamlisha mwanangu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Kiangazi cha mwaka wa pili uliitishwa mkutano wa kijiji. Mama mkwe hakuwepo, alikwenda Mtinko kumwuguza dada yake. Mwenyekiti akasema mikuyu yote ya kijitoni ifyekwe, kwanza mbung'o waondoke, pili tupate bustani ya kijiji. Mzee mmoja akauliza, na samaki je? Bwana shamba, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi, akamjibu huku anacheka, "Mzee wangu, samaki anaishi majini. Umewahi kumwona samaki juu ya mti?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka! Mimi ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimetoa mbegu za kuyu kwenye tumbo la samaki, kwa kidole hiki unachokiona.

"Kina mama, mna la kusema?" mwenyekiti akauliza.

Mkono wangu ukapanda. Ukafika hapa, usawa wa sikio. Nikamwona babu yako amekaa mbele na mabalozi wenzake wa nyumba kumi, nikawaza kwamba nitamwaibisha, watasema mke wa balozi anabishana na serikali kwa habari za utumbo wa samaki. Basi nikajifanya narekebisha kitambaa cha kichwa. Mwenyekiti akasema kimya ni ishara ya kukubali, akafunga mkutano.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, miti ilianguka kwa nyimbo. Niliimba na wenzangu, nikasonga na ugali wa wafyekaji.

Kijito kikabaki uchi. Maji yakapata moto, na mvua ya kwanza ikateremsha tope la bustani likafunika yale mawe yote. Vidimbwi vikajaa viluwiluwi vya mbu. Migono ikaanza kutoka na samaki watatu, kesho wawili, wamekonda, matumbo yamebonyea, na mwisho ikawa inatoka na tope tu. Nyama hatukuwa nayo, maharage yaliungua na jua. Mama yako akaanza kufifia mbele ya macho yangu. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, akaacha hata kulia. Wewe hujui mtoto asiyelia anavyotisha.

Hatimaye mama mkwe akarudi. Alimtazama mtoto, akaenda kukitazama kijito. Asubuhi alikwenda mwenyewe mbali kule chini, akarudi na visamaki vinne kwenye jani, akaweka na kisu changu mbele yangu.

"Mkamwana, pasua."

Nikapasua.

"Umeona nini?"

"Tope, mama."

"Na mwaka jana ulikuwa unaona nini?"

Nikamtajia: sisimizi, panzi, mbegu za kuyu.

"Na mkutanoni ulisema nini?"

Nikainama. Akanishika kidevu akaniinua uso. "Bwana shamba hakujua, huyo nitamsamehe. Mwenyekiti hakujua. Wewe ulijua! Umemnyang'anya mjukuu wangu tonge mdomoni kwa kuogopa kuchekwa."

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alimfunga mama yako mgongoni akaenda naye kwa miguu hadi hospitali Kiomboi, mimi nikifuata nyuma. Tulikaa huko mwezi mzima. Mama yako alipona, namshukuru Mungu. Lakini kitanda cha pili alilazwa mtoto wa jirani yetu, ambaye mama yake alikuwa anatega mgono wake hatua chache tu chini ya wangu. Yule hakupona. Mama yake alilia begani kwangu, nikamfuta machozi, na sikumwambia kwamba nilijua. Amekwenda kaburini bila kuambiwa.

Nilipomweleza babu yako, alisema, "Hata mimi moyo ulisita siku ile. Ningepata neno la mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, ningesimama." Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi. Tangu utoto nilifundishwa kwamba ulimi uliponza kichwa. Hakuna aliyenifundisha kwamba kimya nacho kinaponza, tena kinaponza watoto wa watu.

Mikuyu ya kule juu chemchemini, ambayo mashoka hayakuifikia, ndiyo iliyowarudisha samaki, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Na juzi mkutanoni vijana wenzako wamesema ifyekwe, walime vitunguu kwa pampu. Wewe ulikuwepo. Umepasua samaki na mimi tangu darasa la pili, unajua kila tumbo lina nini. Wakauliza, kina dada mnasemaje? Nikakuona kwa macho yangu haya ukiinamia simu. Simu iliyoisha chaji tangu asubuhi! Shikamoo zako nazipokea kila siku, lakini usidhani heshima ni kufunga mdomo.

Nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Ukijua, sema. Simama, wasalimie wakubwa, eleza ulichokiona, kisha kaa. Wakikucheka, kicheko hakimvimbishi mtoto miguu. Wakikukatalia, umetua mzigo, watabeba wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta hazijengeki tena. Mimi nilimzika mtoto wa mwenzangu nikiwa nimeshika pindo la sanda.

Alhamisi wanakutana tena. Mimi nitasema, sina tena aibu ya kulinda. Lakini watasema bibi anapayuka, maana ndivyo walivyosema hata juzi. Wewe ni wa rika lao, wewe watakusikia. Mungu akupe sauti, mwanangu. Na ikitetemeka, akupe nguvu ya kuitoa hivyo hivyo inatetemeka.