Nilipomsaka Aliyeeneza Dawa ya Kipara

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa bado najificha. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Mwanza, na wiki iliyopita nilikuwa nawafundisha wanafunzi na wafanyakazi kuhakiki habari kabla ya kuzisambaza. Nikachagua mfano wa kuwachekesha: ule ujumbe wa simu unaodai kwamba ukipaka kichwani mchuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki sangara, kipara kinaota nywele.

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Profesa wetu mwenye kipara. Ndipo nikaelewa kwa nini viti vya jirani yake vilikuwa vitupu, na harufu ya samaki niliyoisikia tangu naingia ukumbini ilitoka wapi.

"Shikamoo, Profesa. Samahani, nani alikutumia?" nikauliza, maana somo linataka ufuate habari hadi ilikoanzia.

"Marahaba. Katibu muhtasi wangu."

Katibu akasimama, akamtaja mzee Masalu, dereva wa chuo. Mori ukanipanda. "Mnaona? Mtu mmoja asiyehakiki anapotosha chuo kizima! Mzee Masalu, wewe uliipata wapi?"

Mzee akavaa miwani, akaanza kupekua simu taratibu. "Kwenye grupu letu la kwaya, kule Butimba."

Kwaya hiyo naimba na mimi.

"Basi tusipoteze muda," nikasema, "tuendelee na..."

"Ngoja, madam, nimeipata." Akasoma kwa sauti yake ya besi ya kanisani: "'Wapendwa, hii ni kweli kabisa. Nimeihakiki mwenyewe. Ni mimi, mkutubi wenu.'"