Mechi za Timu Zisizokuwepo

Mpunga ukishaanza kuinamisha vichwa, sisi tunaolima huku Michenga tunahamia shambani. Tunajenga dungu, kijukwaa kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na kuanzia jua linapochomoza ni kuwinga ndege: kupiga madebe, kurusha madongo, kupiga kelele mpaka koo likauke. Kwelea hawana mapumziko. Ukiwapa kisogo kidogo tu, unageuka unakuta makapi.

Mwaka huo mume wangu alikuwa shambani kwa mwili tu. Alikuwa anabeti kwenye tovuti moja ya nje isiyo na kibali, na tovuti yenyewe haikuwa na saa ya kufunga. Wala haikuwa mpira wa kweli. Zilikuwa mechi za kompyuta, timu zisizokuwepo, wachezaji ambao hakuna mama aliyewazaa, na mtu mzima na ndevu zake anashika kichwa kwa sababu mmoja wao amekosa penalti. Mkeka wake wa kubeti ukichanika, anaweka mwingine. Mtandao ulishika vizuri juu ya kichuguu kimoja pale kwenye kona ya shamba, basi yeye kutwa yuko kichuguuni, mkono juu na simu. Watu wa mashamba ya jirani wakawa wananisifia: mumeo ana bidii ya kuwinga huyo! Na kweli kona ile ndege hawakutua, walimwogopa. Shamba lote lililobaki lilikuwa langu mimi na binti yetu mdogo.

Mimi mdomo ninao, sijawahi kuuficha. Nilimwambia kweupe: ndege wakiumaliza mpunga huu na wewe uko juu ya kichuguu, namchukua mwanangu, napanda treni, nakwenda kwa dada yangu Mlimba, na sirudi. Sikuwa namtishia, nilikuwa nimeshaamua. Akaniitikia, "Sawa, mama," bila kuinua macho. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba serikali inazifungia tovuti za kamari zisizo na leseni, na wanaoziendesha wanasakwa. Yeye alikuwa amekwenda mtoni kuoga. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikazima redio, nikanyamaza. Asubuhi akapanda kichuguuni. Akashuka. Akazima simu, akaiwasha, akapanda dunguni, akashuka tena, akarudi kichuguuni kuulaani mnara wa simu. Nilimwacha aisome namba mpaka jua likawa kali, ndipo nikamwambia mnara hauna kosa, tovuti yake imefungwa.

"Umejua lini?"

"Jana."

Akanuna. Siku zilizofuata hazikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Alikuwa mkali, hali chakula vizuri, mkono unapapasa mfuko kila mara halafu unatoka mtupu. Kwa kukosa la kufanya akachukua debe akaanza kulipiga. Mwanzo alilipiga kama analipiza kisasi. Baadaye akaongeza na ukelele mrefu wa kwao, ule alioujua tangu utoto, na kundi zima la kwelea likanyanyuka kutoka katikati ya shamba. Mtoto akaacha madongo yake, akaniuliza, "Mama, kumbe na baba anajua?" Nilifurahi jamani, ila sikumwonyesha mtu.

Halafu akaja jirani yetu, Msukuma mwenye ng'ombe zake na kipande cha mpunga, mtu mwema tu, ila walikuwa wanabeti pamoja. Akatuamkia, "Mwangaluka," tukamwitikia. Mimi nilikuwa juu dunguni, wao chini. Akamwambia mume wangu kwamba Ifakara mjini kuna fundi simu anaingiza kitu fulani kwenye simu, na tovuti zote zilizofungwa zinafunguka.

"Mimi nakwenda kesho. Kama vipi twende wote."

Serikali ilikuwa imeshafanya yake. Hili lililobaki lilikuwa la mume wangu peke yake. Nilitaka kushuka nimpashe yule jirani, nikajikaza, nikang'ang'ania mti wa dungu. Mume wangu akaitoa simu mfukoni, akaitazama.

"Huyo fundi yuko mtaa gani?" akauliza.

Nikaiona treni ya Mlimba mbele yangu, na mwanangu dirishani.

Jirani akafungua kinywa amjibu, na mume wangu akamkatiza. "Hapana, usinitajie. Nakuomba, ndugu yangu. Nikijua alipo, nitakwenda."

Jirani akasema haya, akaondoka na fimbo yake. Mume wangu akainua uso kunitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe ukija kujua alipo, usiniambie."

Nikamwambia sitamwambia. Nilikuwa nalia, na safari hii sikujificha.