Saa Ambayo Baba Hakuimaliza

Juzi, kwenye kibanda cha mitumba mtaani Rhonda, nilinusa mafuta ya cherehani, yale baba aliyotilia saa, nikamkumbuka akizigawa.

Alikuwa karani wa reli mjini Nakuru. Alinunua saa mbovu za ukutani kwenye minada ya walowezi, akazitengeneza jioni kwa kujifurahisha tu. Alipostaafu ilitubidi kuhamia chumba kimoja, nazo hazikuwa na pa kukaa. Alasiri hiyo alizipanga mkekani uani, zikilia kwa kukatizana, majirani wakachagua.

Mimi niliujua mkeka ule. Juu yake ndipo vitu vya nyanya vilipogawanywa baada ya matanga. Nikamshika baba shati.

"Baba, utakufa lini?"

Jirani yetu, Mama Halima, akacheka. "Haya mzee, umeulizwa."

Baba hakucheka. Aliokota saa moja iliyokuwa kimya, akairudisha ndani.

"Hii bado sijaimaliza," aliniambia. "Nitakufaje na kazi mkononi?"

Nikatulia. Kila nilipomwuliza baadaye kama ameimaliza, alijibu kwamba bado.

Tulipokwisha kumzika, nikiwa mtu mzima, niliitia saa ile ufunguo. Ikaanza kutembea papo hapo.